Kila tairi na mahali pake: mwongozo kamili wa kusimamia nafasi za matairi ya malori kwa programu

Lori la masafa linalotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, yaani kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu, linatembea juu ya matairi 22. Kichwa kina 10: mawili ya usukani na manane ya difu, yaani ekseli zinazosukuma gari. Tela lina 12. Weka na spea mbili, unapata 24. Kampuni yenye malori 30 ya aina hiyo ina matairi 720, na baada ya dizeli ni vitu vichache vinavyokula fedha kama hayo. Lakini ukiuliza tairi lililofungwa Januari ekseli ya pili, kulia, ndani, leo liko wapi, mara nyingi utatumwa kwa fundi matairi, naye atajibu kwa kukumbuka.

Kumbukumbu ya fundi ikishindwa, anayeumia kwanza ni dereva. Tairi likipotea au likiisha mapema, yeye ndiye wa karibu, na yeye ndiye anayekatwa mshahara. Kwa hiyo mfumo ninaoueleza hapa unalinda fedha ya tajiri na jina la dereva kwa pamoja, na ningependa uuelewe hivyo tangu mwanzo. Unaweza kuujenga kwenye Google Sheets au Excel, au ukautumia kama kipimo unapokwenda kununua programu. Msingi wake ni mmoja: historia hufuata tairi. Gari ni mahali ambapo tairi lilipita.

Nafasi inabeba nini

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili za difu zenye matairi pacha, na tani 24 kwenye ekseli tatu za tela. Gawanya kwa idadi ya matairi. Tairi la usukani linabeba kilo 4,000, la difu 2,250, la tela 2,000. Sasa soma ubavuni mwa tairi la 315/80R22.5 lenye alama 156/150. Namba 156 ina maana kilo 4,000 likifungwa peke yake. 150 ni kilo 3,350 likiwa pacha. Tairi la usukani kwenye lori lililojaa halina akiba hata kidogo, wakati la tela lina nafasi ya kupumua. Ndiyo maana tairi lililochoka linaweza kumaliza maisha yake telani, lakini kuliweka mbele ni kuhatarisha watu.

Pacha nazo zina mambo yake. La ndani likipungua upepo, la nje linabeba mzigo wa yote mawili na hakuna anayeona, kwa sababu kwa macho gari limesimama sawa. Kwenye tela la ekseli tatu, gari likikata kona kali ekseli ya kwanza na ya tatu huburuzwa kwa ubavu kuliko ya katikati, hivyo hula matairi haraka zaidi. Bila kuandika nafasi, utaona tu kwamba aina fulani ya tairi "haidumu", utabadilisha muuzaji, na tatizo litabaki palepale.

Hatua ya 1: Pa kila nafasi jina moja

Chagua namna moja ya kuziita nafasi na usikubali nyingine. Ninayoipendekeza ina sehemu tatu: namba ya ekseli kuanzia mbele, upande, kisha nje au ndani. Tumia herufi mbili mbili, KS kwa kushoto na KL kwa kulia, NJ kwa nje na ND kwa ndani, maana herufi moja haitoshi kuzitofautisha. Tairi la ekseli ya pili, kulia, ndani ni 2-KL-ND. La usukani halina pacha, kwa hiyo ni 1-KS au 1-KL tu. Spea ni SP1 na SP2, nazo ni nafasi kamili kama nyingine.

Kushoto na kulia vipimwe ukiwa umesimama nyuma ya gari ukitazama linakoelekea. Usiandike "upande wa dereva" na "upande wa utingo". Tanzania, Kenya na Uganda usukani uko kulia. Rwanda, Burundi na Kongo ni kushoto. Tela likibadilishiwa kichwa huko mbele, upande wa dereva unahama na rekodi zako zinageuka.

Kichwa na tela visajiliwe kama vyombo viwili tofauti, kila kimoja na namba yake ya usajili na ekseli zake kuanzia 1. Kosa ninaloliona kila mahali ni kuliandika lori zima kama chombo kimoja chenye nafasi 1 hadi 22. Siku tela linapoachwa Mbeya na kichwa kinarudi na tela jingine, nafasi 11 hadi 22 zinakuwa uongo mtupu.

Kisha ongeza nafasi zisizo kwenye gari: STOO, KWA-FUNDI, RITREDI (tairi linakovikwa uso mpya), LIMEUZWA, LIMETUPWA. Kila tairi ulilowahi kununua lazima liwe mahali pamoja kati ya hapo na magari yako. Jumla ya matairi yaliyonunuliwa ilingane na jumla ya nafasi zote. Zikitofautiana, kuna tairi linalotafutwa.

Hatua ya 2: Pa kila tairi namba

Tairi linakuja na alama za kiwandani. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Iandike, kwa sababu tairi linaweza kuwa jipya dukani na lina miaka minne tangu litoke kiwandani. Lakini alama hizo ni ndogo, na tarakimu za tarehe mara nyingi zipo upande mmoja tu wa tairi. Usitegemee fundi azisome saa tatu usiku chini ya tela.

Piga chapa ya moto namba yako mwenyewe, fupi, ya tarakimu nne au tano, kwenye mpira wa ubavuni. Chapa iwe ya juu juu, isifike kwenye nyuzi, na ikae mahali palipotengwa kama mtengenezaji ameacha nafasi. Ipige pande zote mbili za tairi. Tairi la ndani la pacha, ubavu wake mmoja unafichwa na mwenzake. Unaoonekana ni ule ulioelekea katikati ya gari. Ukipiga chapa upande mmoja, nusu ya matairi yako ya ndani hayatasomeka bila kufunguliwa. Namba ikishatumika isirudiwe kamwe, hata tairi lake likitupwa.

Hatua ya 3: Jenga majedwali

Unahitaji majedwali manne. La MATAIRI lina mstari mmoja kwa kila tairi: namba ya chapa, aina, saizi, DOT, bei, tarehe ya kununua, kina cha kashata (mifereji ya uso wa tairi) likiwa jipya. La NAFASI lina orodha ya nafasi zote za kila kichwa na kila tela. La MATUKIO ndilo moyo wa kazi, na la MAUNGANISHO nitalieleza kwenye hatua inayofuata.

Kwenye MATUKIO kila mstari ni safari moja ya tairi moja: tarehe, namba ya tairi, limetoka wapi, limekwenda wapi, kilometa, kina cha kashata, upepo, sababu, jina la fundi. Tairi moja likitoka na jingine likaingia, hiyo ni mistari miwili. Mstari ukishaandikwa haufutwi wala haubadilishwi. Ukigundua umekosewa, ongeza mstari wa kusahihisha. Hapa ndipo majedwali ya wengi yanapoharibika, kwa sababu fundi anafuta namba ya zamani kwenye kisanduku na kuandika mpya, na pamoja nayo historia yote inaondoka.

Mahali lilipo tairi leo usipaandike kwa mkono. Acha jedwali litafute tukio la mwisho. Kama namba za tairi ziko safu ya B na "limekwenda wapi" iko safu ya D, weka hii kwenye jedwali la MATAIRI:

=XLOOKUP(A2, MATUKIO!B:B, MATUKIO!D:D, "HALIJULIKANI", 0, -1)

Ile -1 ya mwisho inaiambia ianze kutafuta kutoka chini kwenda juu, yaani tukio jipya kwanza, hivyo matukio yaingizwe kwa mfuatano wa tarehe. Kwenye safu ya D, nafasi ya gari iandikwe pamoja na namba ya usajili ya chombo husika, ili 2-KL-ND ya tela hili isichanganyike na ya tela lile.

Ongeza mlinzi mmoja: rangi nyekundu ijitokeze nafasi moja ya gari ikiwa na matairi mawili. COUNTIF ya kawaida (fomula ya kuhesabu marudio) kwenye safu ya "lilipo sasa" inatosha. Matokeo yakizidi 1 kwa nafasi yoyote ya gari, kuna tukio halikuandikwa. Mara nyingi utakuta tairi lililotoka halikuandikiwa lilikokwenda.

Hatua ya 4: Kilometa za tela

Tela kwa kawaida halina odometa. Hapa programu nyingi, hata za kulipia, huteleza, na bila kilometa huwezi kujua gharama ya tairi wala kutabiri mwisho wake. Dawa yake ni jedwali la MAUNGANISHO: kichwa gani, tela gani, tarehe, odometa ya kichwa wakati wa kuunganisha, na odometa ya kichwa wakati wa kuachana.

Tela lipewe hesabu yake ya kilometa inayoongezeka kwa kila muunganisho. Tuseme tela lilikuwa na jumla ya kilometa 148,200 lilipounganishwa na kichwa kilichosoma 402,000. Tairi linabadilishwa njiani kichwa kikisoma 403,150. Tofauti ni 1,150, kwa hiyo tukio liandikwe kwenye kilometa 149,350 za tela. Dereva hahitaji kufanya hesabu hiyo. Yeye atume odometa ya kichwa, jedwali lifanye mengine.

Kama matela yako yana vifaa vya GPS, chukua kilometa huko, ila linganisha na odometa ya kichwa kwa safari kadhaa kabla ya kuamini. Kichwa kinachobadilishwa dashibodi nacho kiandikwe, la sivyo kilometa zitaruka.

Hatua ya 5: Siku ya kuhesabu

Mfumo hauanzi kwa kuandika matairi mapya tu. Kila gari linaloingia yadini lisimamishwe, lisomwe lote. Wawe watu wawili, mmoja anasoma, mmoja anaandika kwenye simu. Waanze 1-KS, warudi nyuma upande wa kushoto, wazunguke, wapande upande wa kulia hadi 1-KL, kisha spea. Njia iwe hiyohiyo kila siku ili nafasi isirukwe.

Matairi yawe yamepoa. Upepo hupanda tairi likipata moto, na ukipima lori lililotoka Chalinze muda huohuo utaandika namba isiyo na maana. Ukiupunguza ili "ufike kipimo" umeliharibu tairi. Saa tatu za kusimama zinatosha. Kina cha kashata kipimwe sehemu tatu: bega la ndani, katikati, bega la nje. Andika zote tatu. Wastani unaficha ugonjwa, tofauti ndiyo inayousema.

La ndani lipimwe kwa mkono. Ingiza mkono kwenye tundu la rimu, tafuta pua ya tairi (valvu ya kujazia upepo), toa kifuniko, pima. Kama pua ya la ndani imejificha nyuma ya rimu ya nje, rimu imefungwa vibaya: pua mbili za pacha zikae zikikabiliana, kila moja kwenye tundu lake. Fundi akishindwa kuifikia siku ya kuhesabu, dereva hataifikia kamwe njiani.

Hatua ya 6: Ujumbe wa njiani

Pancha haingoji mtandao. Makambako usiku, dereva na utingo wameshabadilisha tairi na wanataka kuondoka. Usimwombe dereva afungue programu yenye kurasa sita. Mfundishe ujumbe mmoja wa WhatsApp, mistari ileile kila mara:

Tela (namba ya usajili)
Nafasi: 2-KL-ND
Limetoka: 0417
Limeingia: 0388 (kutoka SP1)
Odometa ya kichwa: 412,350
Sababu: msumari
0417 lipo: SP1

Pamoja na picha mbili, ya chapa ya tairi lililotoka na ya lililoingia. Asubuhi mtu wa ofisini anaingiza mistari miwili ya MATUKIO na kumjibu dereva "imeingia". Hilo jibu ni muhimu sana, maana ndiyo risiti ya dereva. Miezi miwili baadaye mtu akiuliza 0417 lilikwenda wapi, dereva ana ujumbe na ofisi ina rekodi, na hakuna wa kumnyooshea kidole.

Getini pia kuwe na usomaji. Lori linaporudi, mlinzi au fundi asome chapa za nje na spea, alinganishe na orodha ya nafasi iliyochapishwa. Ikionekana namba ngeni, muulize dereva kabla hajaenda nyumbani, kwa heshima, kwa sababu mara nyingi ni ujumbe uliosahaulika.

Hatua ya 7: Weka mipaka kwa nafasi

Programu nzuri inapiga kelele yenyewe, lakini mipaka uiweke wewe, na isiwe sawa kwa nafasi zote. Huko Marekani sheria ya shirikisho inadai tairi za mbele za lori ziwe na kashata ya angalau milimita 3.2, nyingine 1.6. Mimi napendekeza juu zaidi ya hapo: usukani likifika milimita 5 liondolewe lipelekwe telani, difu na tela zikifika 3 zitoke, ili mwili wa tairi ubaki mzima kwa ritredi. Ritredi zenyewe zipangiwe difu na tela, na programu ikatae kabisa kuzipokea kwenye 1-KS na 1-KL.

Kwa upepo, pungufu ya asilimia 10 ni la kujazwa leo. Pungufu ya asilimia 20 au zaidi lichukuliwe kama lililotembea bila upepo: litolewe kwenye rimu likaguliwe ndani kabla ya kujazwa. Kama kipimo chako ni psi 120, hapo ni 96. Kulijaza moja kwa moja tairi lililokunjika ubavu ni hatari kwa fundi anayejaza.

Kwa pacha, weka kengele ikiwa tofauti ya kashata inazidi milimita 3. Hiyo ni milimita 6 kwenye kipenyo, na tairi kubwa litaliburuza dogo barabara nzima.

Baada ya kila tukio la kufunga, mfumo utoe kumbusho la kukaza nati tena baada ya kilometa 50 hadi 100, kwa spana yenye kipimo na kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwenye baadhi ya malori ya zamani ya Kijapani nati za upande wa kushoto hukazwa kinyume. Liandike hilo kwenye taarifa za gari, fundi mgeni asivunje stadi (boliti ya gurudumu).

Hatua ya 8: Soma kinachoonekana

Baada ya miezi michache vipimo vinaanza kuongea. Mabega yote mawili yamelika kuliko katikati: upepo mdogo. Katikati imelika: upepo mwingi kwa mzigo ule. Bega moja tu: ekseli imekaa vibaya au alaimenti imekwenda. Mabonde mabonde: angalia shoku abzoba, beringi na balansi. Ugonjwa ukijirudia kwenye nafasi ileile ya gari lilelile hata matairi yakibadilishwa, tatizo ni la gari. Ukifuata tairi linapohama, tatizo ni la tairi. Kutofautisha haya mawili ndiyo faida kubwa ya kazi yote hii, na daftari la gereji haliwezi kukupa.

Angalia pia njia. Tela linalorudi na shaba kutoka Kongo na Zambia linashuka mlima Kitonga likiwa limejaa, na joto la breki huingia kwenye rimu na kuchoma ukingo wa tairi. Matairi ya tela moja yakianza kuvujia ukingoni, kagua breki za ekseli hiyo kabla ya kumlaumu aliyeyafunga.

Kutabiri mwisho ni hesabu ndogo. Tairi lilianza na milimita 15, limetembea kilometa 30,000, limebaki na 11. Limekula 4, yaani kilometa 7,500 kwa kila milimita. Likitolewa kwenye 3, limebakiwa na 8, sawa na kilometa 60,000 hivi, ukichukulia kazi na nafasi hazibadiliki. Gharama kwa kilometa ni bei, jumlisha matengenezo na ritredi, toa ulichouzia mwili wake, gawanya kwa kilometa zote za nafasi zote. Linganisha aina za matairi kwa namba hiyo, nafasi kwa nafasi. Tairi la bei nafuu linaweza kushinda telani na kushindwa vibaya difuni.

Ukienda kununua programu

Jedwali linatosha malori machache. Yakiongezeka, watu watatu wanaandika kwa wakati mmoja na mambo yanagongana, basi nunua. Usisikilize maelezo, mwambie muuzaji akuonyeshe haya mbele yako. Aachanishe tela na kichwa kimoja, aliunganishe na kingine, halafu aonyeshe kilometa za tairi moja la tela. Abadilishane matairi manne kwa mkupuo mmoja. Azime data ya simu, aingize tukio, awashe tena. Ajaribu kufunga tairi moja mahali pawili. Mwisho atoe rekodi zote, pamoja na matukio ya zamani, kwenye faili la CSV, linalofunguka kwenye Excel au Google Sheets. Akishindwa la kwanza au la mwisho, ondoka. Vihisi vya upepo na vibandiko vya RFID (vinavyosomwa kwa mawimbi ya redio) ni vizuri, lakini vije baada ya nafasi kuwa sahihi, maana kihisi kinachosajiliwa 2-KL-ND huku kiko 3-KS-NJ kitampeleka dereva kwenye tairi zima.

Kufunga rekodi

Tairi likipasuka njiani na vipande vikabaki porini, dereva atume picha ya kipande chenye chapa kama kipo, na tukio liandikwe LIMETUPWA na sababu yake siku hiyohiyo. Linalotupwa yadini likatwe ubavu kwa msumeno mbele ya shahidi ili lisirudi barabarani, lipigwe picha namba ikionekana, lipimwe kashata iliyobaki mara ya mwisho, kisha mstari wake wa mwisho uingizwe na sahihi za watu wawili.